Kusaka gitaa la umeme la mtindo wa miaka ya 1950

Jumatatu

Mkoba ninao, amplifaya ninayo, kilichobaki ni gitaa lenyewe. Nataka la umeme, la mtindo wa miaka ya 1950. Nasisitiza: la mtindo. Yale yaliyotengenezwa enzi hizo yako mikononi mwa wakusanyaji, na bei zake ni za nyumba. Mimi natafuta gitaa la kazi lililoundwa kwa vipimo vya wakati ule: shingo nene, pikapu (vile vidaka-mtetemo vya nyuzi) za koili moja, nyuzi zinazopita ndani ya mwili, na mlio mkavu usiofunikwa na besi pale bendi nzima inapochanganya.

Nimempigia rafiki yangu wa besi kumweleza. Akacheka. "Wewe unataka gitaa au unataka picha?" Swali halikunifurahisha, ila lina haki yake. Wauzaji wanajua kwamba wengi wetu hununua kwa macho. Ukishaona rangi ya siagi iliyozeeka na ile plastiki nyeusi, moyo umeshakwenda. Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari yale yasiyoonekana pichani: uzito, unene wa shingo, mviringo wa ubao wa vidole, jinsi waya zilivyounganishwa ndani. Hayo ndiyo nitauliza kwanza, rangi baadaye.

Jumanne

Leo sikutoka, nimeshinda nikisoma. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuegemea upande wa Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender.

Leo Fender alikuwa fundi redio, na wala hakuwa mpigaji gitaa. Ukilitazama gitaa lake unaiona mikono ya fundi redio: ubao bapa, shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, na swichi pamoja na vifundo vyote vimefungwa kwenye bamba moja la chuma ambalo ukilifungua vinatoka kwa pamoja. Kikiharibika kitu unabadili kitu hicho tu, mengine hayaguswi. Lilitoka mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster. Kampuni ya Gretsch, iliyokuwa na ngoma zinazoitwa Broadkaster, ikalalamika. Basi kiwandani wakalikata hilo jina kwenye vibandiko, na kwa muda magitaa yakatoka yameandikwa Fender tu kichwani, hadi jina la Telecaster lilipoanza kutumika mwaka 1951. Hayo yasiyo na jina wakusanyaji huyaita Nocaster, na leo hii yanaigizwa kwa makusudi. Ukikuta gitaa jipya halina jina la toleo, usidhani kibandiko kimebanduka.

Wapinzani wake ni wawili. Kuna Les Paul ya Gibson ya mwaka 1952, ya rangi ya dhahabu, yenye pikapu za P-90, ambazo nazo ni za koili moja lakini zina sauti nene zaidi. Na kuna Stratocaster ya 1954, ya Fender hiyohiyo. Tofauti ninayoijali zaidi ni urefu wa uzi: milimita 648 kwa Fender, kama 628 kwa Gibson. Milimita ishirini unaweza kuzidharau hadi uanze kuvuta nyuzi. Uzi uleule ukitunwa noti ileile kwenye shingo ndefu unakaza zaidi, na mkazo huo ndio unaotoa ule mlio wa kukatika waziwazi ninaoupenda kwenye solo za dansi.

Jumatano

Nimetumiwa picha: "Telecaster halisi ya 1952, urithi wa babu." Picha nzuri, mwanga wa jioni, gitaa limeegemezwa kwenye kiti cha mbao.

Nikaanza kuhesabu skrubu. Bamba jeusi la plastiki lilikuwa na skrubu nane. Ya mwanzo yalikuwa na tano, nane zilianza mwaka 1959. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, kulikuwa na vitandiko sita vya kuzibeba, kila uzi na chake, ilhali ya zamani yana vitatu, nyuzi mbilimbili. Na tundu la kurekebishia chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipindwe na nyuzi, lilikuwa juu kichwani. Kwenye magitaa ya miaka hiyo liko mwisho wa pili, shingo inapoingia mwilini, na ukitaka kulifikia unalegeza shingo. Kimoja kati ya hivyo ningekivumilia, maana vipuri hubadilishwa miaka inavyokwenda. Vyote vitatu kwa pamoja, hapana.

Nikamwandikia: "Habari ndugu, naomba picha ya nyuma ya shingo." Shingo za mwanzo za Fender zilichongwa kwa kipande kimoja cha mbao ya mepo. Chuma cha ndani kiliingizwa kwa nyuma, kisha mfereji ukazibwa kwa utepe wa mbao nyeusi ya wolnati, kwa hiyo mgongoni mwa shingo lazima uone mstari. Picha ikaja. Mgongo mweupe kabisa, hakuna mstari.

Nikamweleza kwa upole nilichokiona. Jibu lake: "Boss, mimi nauza tu, hayo ya mistari siyajui. Sema ofa yako." Sikusema. Wala sina ugomvi na nakala, ndiyo hasa ninayoitafuta. Kilichoniudhi ni huyo babu.

Ijumaa

Duka kubwa, lenye chumba cha kujaribia na amplifaya za kila aina. Niliomba moja ndogo ya taa (za vali, zile za redio za zamani), nikaweka sauti safi bila mwangwi, maana mwangwi huficha maovu mengi.

Nikaanza na Stratocaster iliyochakazwa kiwandani. Fender kupitia kitengo chake cha Custom Shop imekuwa ikiuza magitaa ya namna hiyo tangu 1995, kwa jina la Relic: vanishi imekwanguliwa, chuma kimepigwa kutu, skrubu zimezeeshwa. Kwa mtazamo, kwangu ni maigizo. Kwa mkono, nakiri walijua wanachofanya. Kingo za shingo zilikuwa zimelainishwa kama mpini wa jembe la siku nyingi, na kiganja kilitulia pale kabla sijapiga noti yoyote. Kwa hiyo nimeongeza kwenye daftari: kingo za ubao. Mikwaruzo ya mkanda mgongoni nitajitengenezea mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokutana na ule mviringo niliokuwa nausoma tu. Ubao wa Fender wa zamani umepinda kwa nusu kipenyo cha inchi 7.25, yaani milimita 184. Ukishika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za chini, kidole cha kwanza kinalala chenyewe juu ya nyuzi zote na mkono hauchoki. Kisha nikapanda freti ya kumi na tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza ubao), nikabana uzi wa kwanza nikauvuta kupanda toni nzima. Noti ikapanda, ikapanda, halafu ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikarudia taratibu huku nimeinamisha kichwa usawa wa nyuzi: uzi ukisukumwa kuelekea katikati unapanda kilima cha ubao, na freti ya mbele yake inaugusa. Magitaa ya kisasa yana ubao bapa zaidi, inchi 9.5 au 12, na tatizo hilo hupungua au huisha. Kwenye huu mviringo wa kale dawa ni kuinua nyuzi kidogo. Fender wenyewe kwa ubao wa namna hii hushauri kama milimita 2 kwenye uzi mnene na 1.6 kwenye mwembamba, ukipima kwenye freti ya kumi na saba.

Kwangu biashara hiyo inalipa. Mimi ni mtu wa kodi ndogondogo na mipigo ya kujibizana, kuvuta uzi ni mara mojamoja. Mtu anayeishi kwenye freti za juu na kuvuta kila noti asije akashawishiwa na picha kununua ubao huu. Atachukia gitaa zima bila kujua kosa liko wapi.

Muuzaji alikuja kuniambia kwamba vanishi ya nitroselulosi "inaipa mbao nafasi ya kupumua". Nilinyamaza. Mbao iliyokatwa, ikakaushwa, ikapakwa rangi haipumui chochote. Ninachojua cha hakika kuhusu vanishi hiyo ni kwamba hupakwa nyembamba, hugeuka njano, hupasuka mipasuko midogo ikipata baridi ya ghafla, na huharibika ikigusana muda mrefu na mpira wa baadhi ya stendi. Vanishi ya poliesta ni ngumu na haina mambo mengi. Sitalipa zaidi kwa ajili ya vanishi.

Jumamosi

Safari ndefu ya basi kwenda kuona gitaa la mtindo wa Les Paul ya 1952, dhahabu tupu, P-90 mbili. Kwenye simu mwenye nalo aliniambia halina tatizo lolote. Nilikwenda nikijua kwamba si chaguo langu la kwanza, lakini mtu asiyepiga P-90 hawezi kujigamba anajua koili moja.

Lina sauti, jamani. Ukipiga polepole linanguruma chinichini, ukiongeza nguvu linatoa makali bila kupoteza nyama. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na kwa dakika kadhaa Telecaster nilikuwa nimeisahau.

Nikakumbuka kurudi kwenye utaratibu. Kichwa cha Gibson za miaka hiyo kimeinama nyuma kwa pembe ya digrii 17, na kimechongwa pamoja na shingo kwenye mbao ya mahogani, ambayo hapo huwa nyembamba kwa sababu ya shimo la chuma cha kurekebishia. Likianguka chali, ndipo linapovunjikia. Nakala nyingi zimerithi udhaifu huohuo. Nikawasha tochi ya simu, nikailaza mwanga uteleze juu ya vanishi badala ya kuimulika moja kwa moja. Nyuma ya kichwa, karibu na kizingiti cha nyuzi, mng'ao ulikatika kwenye mstari mmoja wa mshazari, mwembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha. Ukakwama kidogo sana.

"Hapa palivunjika, ndugu yangu."

"Pamegundishwa vizuri, hapafunguki tena." Na yawezekana ni kweli, maana kichwa kilichogundishwa na fundi mzuri hudumu. Lakini kwenye simu hakusema, na bei haikusema pia. Nikamshukuru, nikamrudishia.

Jumapili

Mapumziko. Vidole vina mitaro ya nyuzi za watu.

Jumanne

Nimelipata.

Mwenyewe ni mzee aliyepiga rhythm kwa miaka mingi na sasa vidole vyake havikunji vizuri. Gitaa ni nakala ya Telecaster ya mwanzo, si la kampuni kubwa, limetumika kweli: rangi ya siagi, bamba jeusi, skrubu tano. Alinikaribisha, akaniambia, "Kagua mwanangu, usione haya. Na mimi nilikagua nilipolinunua."

Nilianza na mkoba wangu wa vifaa. Sumaku ndogo niliyoing'oa kwenye spika mbovu ikang'ata bamba la daraja na ikavikataa vile vitandiko vitatu: bamba chuma, vitandiko shaba, kama inavyotakiwa. Chuma hicho kiko ndani ya uga wa sumaku wa pikapu ya nyuma na kinauathiri, kwa hiyo si urembo. Nikaweka kipima uzito: kilo tatu na robo. Nikabana uzi wa sita freti ya kwanza na ile inayokutana na mwili, nikachungulia katikati: nafasi ya kadi nyembamba, shingo iko sawa. Mgongoni mstari wa mbao nyeusi upo, na umelingana vizuri na mgongo, kidole hakiusikii.

Shingo yenyewe ni nene ya kujaa kiganja, karibu milimita 25 hata kule chini kwenye freti ya kwanza. Wenye vidole vifupi mara nyingi huambiwa waepuke shingo za hivi. Vyangu ni vifupi, na nimeona kinyume chake: dole gumba linapata mahali pa kuegemea na kiganja hakikazi.

Freti tatu za mwanzo zimelika chini ya nyuzi nyembamba, vishimo vidogo vya duara, alama ya mtu wa kodi. Bado kuna chuma cha kutosha cha kusawazisha. Kifundo cha toni kilikwaruza nilipokizungusha, vumbi tu. Nikachomeka waya, nikafungua sauti hadi mwisho, nikapima ukinzani kwa mita kwenye ncha ya waya. Pikapu ya nyuma ilisoma zaidi kidogo ya kiloomu 7, na ya shingoni karibu sawa. Koili zote mbili ziko hai. Kipimo hicho hakikwambii mlio utakuwaje, kinakwambia hakuna uzi uliokatika ndani.

Kisha amplifaya. Nyuma: makali, kavu, kila noti imesimama peke yake. Nikasogeza swichi katikati nikitarajia pikapu zote mbili, ikaja ya shingoni peke yake. Nikasogeza mbele kabisa: sauti ikafifia, ikawa nzito, kama redio iliyofunikwa blanketi.

Nilidhani nimepata silaha ya kupunguza bei. "Mzee, hapa kuna hitilafu."

Akatabasamu. "Hiyo siyo hitilafu. Ndivyo walivyounganisha zamani. Fundi alitaka kubadili, mimi nikakataa."

Na alikuwa sahihi. Kuanzia 1952 Telecaster ilitoka na mpangilio huo: mbele kuna kapasita inayoua makali yote ili mpigaji aweze kuigiza besi, katikati ni pikapu ya shingoni ya kawaida, nyuma ni ya nyuma. Zote mbili kwa pamoja hazipatikani. Fender wenyewe walikuja kuubadili mwaka 1967. Huo mlio wa blanketi siuhitaji, besi anaye mwenyewe. Lakini mtu aliyeamua kulinda mpangilio wa kale kwa miaka yote hiyo nilishindwa kumwita muuzaji wa kitu kibovu. Alitaja bei yake, nikataja yangu, tukakutana karibu zaidi na yake. Akanipa na mkanda wa ngozi, akaniomba kitu kimoja: nisilipake rangi.

Alhamisi

Kwa fundi. Nimekaa pembeni na kuangalia, na fundi hakuonyesha kuchukia.

Alianza na nyuzi. Ameweka 10 hadi 46, yaani unene wake kwa elfu za inchi. Kisha akatuni na kupima noti za freti ya kumi na mbili dhidi ya mlio wa kengele wa mahali palepale, ule unaotoka uzi ukiguswa tu bila kubanwa. Uzi wa sita na wa tano wakakubaliana haraka. Wa nne na wa tatu ndipo ugomvi ulipo: vyote viwili vimekalia kitandiko kimoja, ukisogeza nyuma kumridhisha mmoja, mwenzake anapotea. Fundi aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa waya, kama wa nne. Viwili hivyo vilikuwa na tabia zinazokaribiana na kitandiko kimoja kiliwatosha. Ni sisi tulioleta uzi wa tatu mwembamba usiozungushiwa, unaovutika kirahisi, kisha tukakilaumu kitandiko.

Kuna njia mbili: urudi kwenye nyuzi za kale, au uweke vitandiko vya shaba vilivyokatwa kimshazari ili kila uzi upate urefu wake. Nimechukua vya mshazari. Ni shaba ileile, vitatu vilevile, na ukitazama kwa mbali huoni tofauti. Vile vya mzee nimevifunga kwenye karatasi ndani ya mkoba.

Shingo aliipa robo mzunguko tu, lakini kwa hiyo robo ilibidi alegeze nyuzi, alegeze skrubu nne, ainue shingo, azungushe, arudishe, atuni tena. Mtu anayesifia kila cha zamani aje ashike bisibisi kwa fundi huyu asubuhi moja.

Swichi tumeibadili. Katikati sasa pikapu zote mbili zinalia pamoja, na huo mlio peke yake ungetosha kunifanya ninunue: mwepesi, una kengele ndani yake, unakaa juu ya ngoma bila kugombana na mwimbaji. Mbele ni pikapu ya shingoni ikiwa na makali yake yote. Kapasita ya blanketi imeungana na vitandiko kwenye karatasi.

Jumamosi

Mazoezi ya kwanza na bendi. Linauma. Simaanishi vidoleni, namaanisha kelele: zile pikapu za koili moja hudaka mngurumo wa umeme wa ukumbi mzima, na taa za jukwaani zikiwashwa unazidi. Mwimbaji aliuliza ni nani ameacha friji wazi. Gibson walitatua hilo kwa humbaka ya Seth Lover, koili mbili zinazofutiana kelele, iliyoanza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957, lakini pamoja na kelele hupungua na ule ukavu niliousafiria. Na kwenye nakala hii pikapu zote mbili zimezungushwa upande mmoja, kwa hiyo hata katikati hazifutiani.

Nimegundua kwamba nikigeuka robo, kichwa cha gitaa kikielekea mlangoni, mngurumo unapungua karibu nusu. Basi hapo ndipo nitakaposimama. Kati ya wimbo na wimbo nafunga sauti kwa kidole kidogo, na kifundo kiko karibu, sihitaji kuangalia. Rafiki wa besi alilishika mwisho wa mazoezi, akapiga kodi mbili, akaliinua kulipima uzito, akauliza mzee yule ana gitaa jingine.

Freti tatu za mwanzo zitasawazishwa mwezi ujao. Fundi ameshaniwekea nafasi.